Ng'ombe weusi wa Hegel, na makosa mengine mnayoyarudia

Wadogo zangu, jana nimemaliza kusahihisha insha zenu kuhusu wanafalsafa wa Kijerumani (Kant, Fichte, Schelling na Hegel) saa saba usiku. Insha 23, na 7 kati yake zina sentensi hii: "Hegel anasema Absoluti ni usiku ambamo ng'ombe wote ni weusi." (Absoluti ni uhalisi wote kwa ujumla, usiotegemea kingine.) Maneno yale yale, hata koma imekaa palepale. Kumbe lile desa, yale madondoo ya kunakili, bado liko steshenari! Tutafika huko. Tuanze na madogo.

1. Kwa Kijerumani, Bewusstsein ni fahamu, Gewissen ni dhamiri. Ukimsomea Hegel dhamiri kila anaposema fahamu, utadhani kitabu kizima ni mahubiri ya Ijumaa.

2. Msiandike kwamba amri ya Kant isiyo na sharti, yaani kanuni yake kuu ya maadili, ni ile ya "mtendee mwenzako kama unavyotaka kutendewa." Kant mwenyewe aliikataa tafsiri hiyo katika tanbihi ya kitabu chake cha 1785. Najua tanbihi hamsomi. Someni.

3. "Mimi" wa Fichte si wewe. Kuna mmoja wenu ameandika kwamba Fichte alikuwa mbinafsi kwa sababu anasema "Mimi hujiweka." Nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta, na kwa bahati ukuta ndio mfano wa Fichte mwenyewe. Henrik Steffens, aliyemsikiliza chuoni Jena, anasimulia kwamba Fichte aliwaambia wanafunzi waufikirie ukuta. Wakaufikiria. Akawaambia, haya, sasa mfikirieni yule aliyeufikiria ukuta. Darasa likababaika: wengine wakajinyoosha, wengine wakajikunyata, hakuna aliyejua aangalie wapi. Lifanyeni zoezi hilo usiku huu. Unayemtafuta hapo hana jina wala namba ya usajili, maana kila ukimshika amekwisha kuwa kitu kinachofikiriwa, na anayefikiria yuko nyuma yako tena. Kant alikuwa ameshaligusa katika toleo la pili (1787) la Critique of Pure Reason: lile "nafikiri" lazima liweze kuandamana na kila wazo langu. Fichte alichofanya ni kulitoa hapo pembeni na kulifanya msingi wa nyumba.

4. Sasa ng'ombe.

Nilikuwa mwaka wa pili. Semina ya Alhamisi, zamu yangu kuwasilisha, mada: Absoluti katika Dibaji ya Fenomenolojia ya Roho, kitabu cha Hegel cha 1807. Dibaji sikuisoma. Nilisoma madesa mawili na utangulizi wa mfasiri, halafu nikakutana na ule mstari wa ng'ombe, nikaona Mungu amenijalia. Mimi nimekulia zizini! Nikavaa shati la mikono mirefu.

Nikawaambia wenzangu, kwa sauti ya mtu aliyefika, kwamba huyu Mjerumani ameona tulichokiona wafugaji zamani sana. Usiku ukiingia huoni wa madoa wala mwekundu, wote wanakuwa kitu kimoja. Na hiyo ndiyo Absoluti, mahali tofauti zote zinapopumzika. Nilisema hivyo kabisa, "zinapopumzika." Kuna dada mbele aliandika kwenye daftari. Nikanogewa, nikaongeza dakika kumi juu ya babu yangu na hekima ya giza.

Mwalimu hakunikatiza, na ningejua, hilo lingenitisha. Nilipomaliza alisema tu, "Aya ya 16, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Miller. Tusomee sentensi yote."

Nikasoma. Sentensi ya Hegel ni ndefu, unaweza kufa katikati. Nilipofika kwenye ng'ombe nikapaza sauti kidogo. Nikaendelea, na mkiani mwake nikakuta kwamba kuiuza Absoluti ya namna hiyo ni utupu wa maarifa. Sauti ikashuka yenyewe.

"Nani anasema hapo?"

"Hegel."

"Anasifu au anasema watu?"

Kimya. Feni inazunguka. Nikasema, Mungu anisamehe, "Vyote viwili, kidayalektiki," yaani kwa ule mtindo wa Hegel wa kuunganisha vinavyopingana.

Walicheka hadi wa korido wakachungulia. Mwalimu hakucheka. Akaniuliza kwa upole kabisa kama babu, usiku, ng'ombe wake hawatambui. Nikajibu anawatambua, kwa kengele, kwa sauti, kwa namna mmoja anavyokohoa. "Basi babu yako angemwelewa Hegel kuliko wewe," akasema, akaita anayefuata.

Na ndivyo ilivyo. Hegel anadai Absoluti inayozijua tofauti zake moja moja, iliyozipitia na kurudi kwake yenyewe. Wanaosema "humo yote ni sawa" na kuishia hapo, kwake ni watu waliozima taa wakadai wameona. Hadi nahitimu niliitwa Mweusi.

5. Jueni nani anamsema nani. Hawa jamaa mara nyingine wanagombana bila kutajana majina. Hegel, Schelling na mshairi Hölderlin walikaa chumba kimoja Tübingen. Mwaka 1801 Hegel alitoa kitabu akiwa upande wa Schelling dhidi ya Fichte. Mwaka 1807 akatoa hao ng'ombe, na Schelling akaonekana ndiye anayesemwa. Alimwandikia Schelling mwezi wa Mei kwamba mkuki huo ni wa wanaoyatumia vibaya mawazo ya Schelling, si wa Schelling mwenyewe. Schelling alijibu Novemba: ameisoma Dibaji, ila tofauti hiyo kitabuni haionekani. Barua kati yao zikakoma. Urafiki wa tangu ujana, jamani, ng'ombe ndio walioukanyaga.

6. Kuhusu desa. Ukurasa wa nne, wenye ile sentensi na ile koma, niliuchapa mimi, wiki moja kabla ya semina ile, nikauacha steshenari watu watoe kopi. Nimeshakwenda mara mbili kuomba ufutwe. Yule kijana anasema ndilo linalotoka kuliko yote. Atakayeniletea ile nakala ya kwanza, yenye mwandiko wangu pembeni, nitamnunulia chai na chapati mbili.