Jibu: Je, bibi zetu wa Unguja walivaa buibui tangu zamani?

Ndugu, umeuliza iwapo buibui lilikuwa vazi la wanawake wote wa Unguja tangu enzi na enzi. La hasha. Mwishoni mwa karne ya 19 vazi lilimtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa: mtumwa alijifunga merikani (kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi) au kaniki (kitambaa cheusi), kichwa kikiwa wazi, ilhali wanawake wa kitajiri wa Kiarabu walivaa kanzu, suruali ya marinda na barakoa usoni. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wengi wa waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, kwa kuwa weusi wake ulitangaza hali waliyotaka isahauliwe, wakanunua kanga kwa doti, moja ya kujifunga na nyingine ya kujitanda kichwani na mabegani.

Buibui lilienea katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, nalo halikuwa hili la leo lenye mikono. Lilikuwa kitambaa cheusi kipana, kilichoshonwa mfano wa gunia na kufungwa kichwani kwa kamba, na ndani yake kanga ikabaki palepale. (Kule Lamu lilichukua nafasi ya shiraa, lile hema la kitambaa lililobebwa na watumwa huku bibi mwenye watumwa hao akitembea ndani yake. Watumwa walipoondoka, nani angelibeba?) Kwa hiyo naona wanaolieleza kwa dini peke yake wanasahau kwamba lilikuwa pia dai la uungwana, yaani hadhi ya mtu huru asiye mtumwa.

Umeuliza pia kuhusu majina ya kanga, yaani maneno yanayochapishwa juu yake: ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Za Kilatini zilikuja baadaye.