Siku Moja kwa Batwa

SWALI: Mhariri, niko Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, kikazi na nimepata siku moja ya mapumziko. Je, inafaa kwenda kuwatazama Batwa, wale wenyeji wa asili wa msituni?

JIBU: Inafaa, ndugu msomaji, ila nenda kuwatembelea, si kuwatazama. Hawaishi tena msituni, kwani misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991 waliondolewa, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilitamka kwamba hawakupewa fidia ya kutosha. Chagua matembezi ya Mgahinga yanayoongozwa na Batwa wenyewe, ambao hueleza mitishamba na urinaji wa asali, kisha hukufikisha kwenye pango la Garama. Uliza mapema malipo yanawafikiaje, na usimpige mtu picha kabla hajaridhia.