Maswali yenu kuhusu Avebury: mawe, kanisa na baa

Tangu nilipoitaja Avebury, kijiji cha Wiltshire kusini mwa Uingereza kilichoota ndani ya duara la mawe ya kale, maswali hayajakoma. Najibu machache leo.

Kuna tofauti gani na Stonehenge, na kiingilio ni shilingi ngapi?

Kuyaona mawe ni bure. Ukija na gari utalipia maegesho. Basi namba 49 kutoka Swindon linakushusha hapo hapo kijijini. Duara la Avebury ni kubwa kuliko la Stonehenge, lile duara jingine maarufu la mawe ya kale huko Wiltshire, tena kwa mbali. Handaki, yaani mtaro mkubwa unaolizunguka, lina mzunguko wa zaidi ya kilomita moja, na waliolichimba miaka zaidi ya 4,000 iliyopita walitumia pembe za kulungu. Unaruhusiwa kuyagusa mawe, na kondoo wanalisha katikati yake.

Ukisema "parokia ya Avebury" unamaanisha ya kanisa au ya serikali?

Zote mbili zipo. Tangu sheria ya 1894, parokia ya kiraia ina baraza lake la kuchaguliwa, karibu sawa na serikali ya kijiji kwetu Tanzania. Ya Avebury inajumuisha pia Beckhampton, West Kennett na Avebury Trusloe.

Nimeona picha. Mbona mawe yenyewe yana mapengo? Mengine yalikwenda wapi?

Swali hili nimelisubiri. Duara la nje peke yake lilikuwa na mawe kama 100. Karne ya 14 wanakijiji waliyaangusha na kuyafukia, huenda kwa kuyaona ya kipagani, na kule kufukiwa ndiko kulikoyaokoa. Karne ya 17 na ya 18 yakaanza kuvunjwa. Moto uliwashwa chini ya jiwe mpaka likaiva, likamwagiwa maji baridi, kisha nyundo. Wapasua kokoto wa kwetu wanaotumia moto wanaijua kazi hiyo. Miaka ya 1720 William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, aliushuhudia uvunjaji huo, akachora alichowahi. Vipande viliishia kwenye kuta za nyumba. Tembea kijijini utaviona. Siwalaumu watu wale, mtu anahitaji ukuta na shamba la kulima, ila kila nikisimama kwenye pengo moyo huniuma.

Yaliyofukiwa yalifufuliwa miaka ya 1930 na Alexander Keiller, tajiri aliyerithi mali ya kiwanda cha mamaledi, yaani jemu ya machungwa. Pale jiwe lilipopotea kabisa aliweka kigingi cha zege. Mwaka 1938 watu wake walikuta mifupa ya mwanamume chini ya jiwe moja, pamoja na mkasi, chombo chembamba cha chuma na sarafu za karne ya 14. Wakamwita kinyozi-tabibu, maana enzi hizo kinyozi ndiye aliyeng'oa meno na kuwatoa watu damu. Jiwe lake bado linaitwa la kinyozi.

Kuna jambo jingine sitaki kuliruka: ili mawe yaonekane vizuri, nyumba kadhaa zilibomolewa na familia zikahamia Avebury Trusloe. Mawe yalirudi kwao, wenyeji wakatoka.

Kanisani kuna cha kuona, au ni kanisa tu la kijiji?

Kanisa la Mtakatifu James liko nje kidogo ya duara. Baadhi ya kuta zake ni za Wasaksoni, watu waliotawala Uingereza kabla ya Wanormani kuivamia mwaka 1066. Nenda moja kwa moja kwenye birika la ubatizo: limechongwa mtu mwenye fimbo ya kiaskofu, na majoka ubavuni. Wapo wanaosema ni Ukristo ukiishinda dini ya mawe. Mimi naona huko ni kubahatisha, lakini mchongo wenyewe ni wa ajabu.

Mimi ni Mwislamu, nina watoto wawili. Red Lion, ile baa ya kijijini, tunaweza kuingia?

Ingieni bila wasiwasi, ndugu yangu. Baa ya kijijini Uingereza ni mgahawa na baraza pia. Unaagiza na kulipa kaunta, unarudi kukaa. Ukiomba chai au soda hakuna atakayekushangaa. Nyama usitarajie kuwa halali, chagua samaki au mboga, na uliza kama mchuzi umetiwa mvinyo. Nyumba hiyo ni ya karne ya 17, imeezekwa kwa nyasi, na imesimama ndani ya duara lenyewe. Waonyeshe watoto kisima cha kale kilichomo ndani, kimefunikwa kioo na kufanywa meza.

Nina nusu siku tu. Nisikose nini?

Kaburi la West Kennet, mwendo wa miguu kupitia mashambani. Lilijengwa miaka ipatayo 5,600 iliyopita, na mifupa ya watu wasiopungua 36 ilikutwa humo. Njiani utaipita Silbury, kilima kilichorundikwa kwa mikono, usikipande, hairuhusiwi. Kaburini unaingia mwenyewe, hakuna mlinzi. Beba tochi, na viatu visivyoogopa tope.