Mnaokuja fildi Tabora, tokeni barabarani

Wadogo zangu, nimewapita tena vijana wa fildi waliokuja kupima miti: tepu imelazwa sambamba na barabara ya vumbi, pikipiki imeegeshwa hatua chache kutoka ploti ya kwanza, yaani kipande cha kwanza cha ardhi cha kupimia. Sikusimama kuwakemea. Nawaandikia nyote.

1. Namba nasibu za kuchagua mahali pa ploti zipangwe mkiwa bado mezani, kabla hamjaliona pori. Kulipa pori kisogo na kurusha kwadrati, ile fremu ya mraba ya kupimia, si unasibu, mkono wako unajua fika upupu uko upande gani.

2. Barabara. Hapa nitakaa, maana dhambi hii ni yangu.

Nilikuwa napima misitu ya miombo ya upande wa Sikonge. Transekti zangu zote, yaani mistari ya kupangia ploti, zilianzia ukingoni mwa barabara na kuishia hapo hapo karibu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na maji nimeyaacha garini. Kila ploti ilinipa mitundu mifupi (mtundu ni mmoja wa miti ya miombo), mashina matatu manne yametoka mahali pamoja. Nikafurahi! Nikaandika kurasa na kurasa kwamba mtundu wa huku umeumbika hivyo ili kuhimili ukame. Grafu nikazipaka rangi. Siku ya kuwasilisha kijijini, mzee mmoja mlina asali akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani visiki hukuviona? Hapo ndipo watu walipokatia mkaa." Watu hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kesho yake akanipeleka kwenye mizinga yake, mwendo mrefu hasa. Huko mitundu ile ile, kwenye udongo ule ule, imesimama mirefu, shina moja moja. Nilikuwa nimepima shoka nikaliita ukame.

Tena kulikuwa na jambo la kweli nililolikanyaga nikapita. Kuchipua upya baada ya kukatwa au kuungua ni uwezo wa kurithi, umechujwa na moto wa vizazi vingi. Wingi wa mashina ya mti mmoja ni habari ya mti huo tu, yaliyoupata. Kwa hiyo mkiniandikia "mti umeamua kujibadilisha", nakata kwa kalamu nyekundu. Miti isiyoweza kuchipua iliungua bila kuacha uzao, basi.

3. Miche ya mninga msiihesabu kiangazi peke yake. Kwa miaka kadhaa mche hukauka juu kila kiangazi, mzizi ukizidi kunenepa ardhini, mpaka upate nguvu ya kutoa shina la kuushinda moto. Kijana mmoja alijaza sifuri fomu nzima akatangaza kwamba mninga hauzaliani tena. Mvua iliponyesha tulirudi naye kwenye ploti zake, akawa anaruka ruka asiikanyage miche.

4. Kipenyo cha shina kipimwe kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Kwenye mteremko simama upande wa juu. Mti uliogawanyika chini ya hapo, pima kila shina. Mti wa mpakani mwa ploti, angalia katikati ya shina iko upande gani. Na mkikusanya wadudu, lebo za chupa zao ziandikwe kwa penseli, spiriti ya kuwahifadhi inakula wino.

5. Majina ya miti waulizeni wenyeji, ila mzee asiyekuwa na uhakika naye atakutajia jina ili usiaibike, kwa hiyo ulizeni wawili. Na yale majani mekundu ya mwezi wa tisa na wa kumi ni machanga. Miombo huchipua kabla mvua haijafika. Si ugonjwa. Mwaka huu msinipigie simu.