SSD ya nyumbani: maswali yenu kuhusu bei, ukubwa na diski feki

Maswali mengi yaliyonifikia safari hii yanahusu SSD, yaani diski inayohifadhi data kwenye chipu. Watu wamechoshwa na hadidiski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, lakini wakifika dukani wanakutana na herufi na namba zisizowasaidia kuchagua. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: kwa kompyuta ya nyumbani, hela yako ilipie kwanza diski ya kuaminika na nafasi ya kutosha. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ifikirie mwisho.

Fundi, nina ThinkPad T440 ya Core i5 yenye hadidiski ya GB 500. Nikiiwasha naweza kupika chai nikarudi bado haijawaka. Dukani wananishauri ninunue laptopu nyingine. SSD itanisaidia au nitapoteza hela? (Morogoro)

Itakusaidia sana, ndugu yangu. Usinunue laptopu nyingine kabla hujaijaribu SSD. Windows ikiwaka husoma maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika. Hadidiski inalazimika kusogeza kichwa chake cha kusomea huku na huko juu ya sahani, na kila mwendo unakula milisekunde kadhaa. SSD haina kinachosogea, kwa hiyo huipata data popote ilipo kwenye chipu kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana mashine ileile ya mwaka 2013, na prosesa yake ileile, huonekana kama imezaliwa upya.

T440 inapokea SSD ya SATA (njia ya kawaida ya kuunganisha diski) ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Kabla fundi hajafungua kava la chini, mwambie aingie kwenye BIOS, ile mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, azime betri ya ndani. Laptopu hiyo ina betri mbili, na ukichomoa ya nje peke yake bodi bado ina umeme. Nimeona wengi wakiiruka hatua hii.

Angalia na RAM, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huifanyia kazi. Kwenye T440, GB 4 zimechomelewa kwenye bodi na kuna nafasi moja tu ya kuongezea. Kama una hizo 4 tu, ongeza nyingine 4 na uchukue SSD ya bei ya kati, badala ya kumaliza bajeti yote kwenye diski. RAM ikijaa, Windows hugeuza diski kuwa RAM ya akiba, kisha kila kitu kinazorota.

Jua pia kwamba Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11. Mimi ningekupigia Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. SSD yenyewe haitapotea: laptopu ikifa, unaichomoa na kuihamishia kwenye mashine nyingine inayopokea SATA.

Muuzaji ameniambia NVMe ina kasi mara sita ya SATA, kwa hiyo SATA imepitwa na wakati. Ni kweli? (Mombasa)

Kwenye karatasi ni kweli. SATA inagota kwenye MB 550 hivi kwa sekunde. NVMe hupitisha data kwenye njia ya kasi zaidi iitwayo PCIe: ya PCIe 3.0 hufika MB 3,500, na ya PCIe 4.0 huzipita MB 7,000. Lakini namba hizo ni za kusoma au kuandika faili moja kubwa mfululizo. Ukifungua kivinjari, ukaandika barua au ukapanga hesabu za duka, kompyuta inashughulika na vipande vidogo vidogo, na hapo pengo linapungua sana. Ukitoka kwenye hadidiski kuingia SATA utashangaa. Ukitoka SATA kuingia NVMe, kwa kazi za nyumbani, itabidi ushike saa mkononi ndipo uione tofauti. Anayehariri video kila siku huyo ana sababu ya kulipia zaidi. Na kama bei zimelingana na mashine yako inapokea zote mbili, chukua NVMe.

Mtego uko kwenye jina M.2. M.2 ni umbo la kile kijiti chembamba tu. 2280 maana yake upana milimita 22, urefu milimita 80. Ndani ya umbo hilohilo kuna SATA na kuna NVMe, na kijiti kinaweza kuingia vizuri kabisa kwenye tundu lakini kompyuta isikione. HP EliteBook 840 G3, ambazo ni nyingi kwenye maduka ya mitumba, zinapokea NVMe. Mashine za Intel za kizazi cha nne kurudi nyuma kwa kawaida haziwezi kuwaka kutoka kwenye NVMe hata ukiipachika kwa adapta. Soma mwongozo wa modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla ya kutoa hela, kwa sababu hata muuzaji mwaminifu anaweza kukosea hapa.

GB 240, 480 au TB 1? Na kwa nini ya GB 500 ya rafiki yangu inaonyesha 465? (Kigoma)

Gawanya bei kwa idadi ya GB. Tuseme ya 240 inauzwa shilingi 60,000 na ya 480 inauzwa 90,000. Ya kwanza unalipa shilingi 250 kwa kila GB, ya pili chini ya 190. Mara nyingi hesabu inatoka hivyo, na 480 au 500 ndipo ninapowashauri watu wengi wasimame. Ya 240 inatosha kompyuta ya kuandikia na intaneti, lakini mwenye familia yenye simu tatu zinazomwaga picha ataijaza upesi, na SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi. Acha angalau sehemu moja ya kumi wazi.

Rafiki yako hajaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja. Windows inagawanya kwa 1,024 mara tatu. GB 500 zinageuka 465, na TB 1 inasomeka 931.

Kaka, nimeona mtandaoni SSD ya nje ya TB 2 kwa bei ndogo kuliko ya GB 240 dukani. Maoni ya wateja ni mazuri. Niagize? (Dar es Salaam)

Usiagize, tafadhali. Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu, maana wanaoumia hapa ni watu waliojinyima ili wahifadhi picha za harusi na za wazazi waliotangulia.

Nyingi za diski hizo ukizifungua unakuta kasha tupu lenye bodi ndogo ya saketi, na juu yake kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Programu iliyo ndani ya kontrola, chipu inayoiongoza diski, imefundishwa kudanganya, kwa hiyo Windows inaonyesha TB 2 bila wasiwasi. Unakopi faili, majina yanaonekana na ukubwa unaonekana. Nafasi halisi ikiisha, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hutupwa kabisa. Siku unafungua picha, haifunguki. Maoni mazuri yanatoka kwa watu walioweka faili chache wakafurahi. Bado hawajafika mahali pa kuumia.

Kama umeshainunua, pakua H2testw ya Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Programu hizi huijaza diski kwa data na kuisoma upya yote, kisha hukwambia ni kiasi gani kimerudi salama. Kwa diski kubwa kazi hiyo inaweza kuchukua siku nzima au zaidi, na bado inafaa. Ifanye kabla muda wa kurudishiwa hela haujapita, na kabla hujaweka kitu chochote cha maana.

TLC, QLC, DRAM, TBW: ni lazima nijue haya yote? (Kampala)

Mawili yanatosha. Kwanza TLC na QLC. Hizi ni aina za chipu za kuhifadhia: TLC inaweka biti 3 kwenye kila seli, QLC inaweka 4, ndiyo maana QLC ni ya bei nafuu lakini nzito kuandika. Samsung 870 QVO ya TB 1 ni mfano wa wazi: sehemu yake ya haraka ikijaa katikati ya kukopi faili kubwa, inashuka hadi MB 80 kwa sekunde, ambayo hata hadidiski nzuri inaishinda. Kwa bei inayokaribiana, chukua TLC.

Pili, DRAM, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya diski yenyewe. Kwenye SATA, diski yenye DRAM kama Samsung 870 EVO au Crucial MX500 hubaki imara ikilemewa kuliko Kingston A400 au Crucial BX500 zisizo nayo. Kwenye NVMe jambo hili lina uzito mdogo, kwa sababu diski inaweza kuazima kipande cha RAM ya kompyuta.

TBW, yaani jumla ya TB ambazo diski imekadiriwa kuandikwa, isikunyime usingizi. A400 ya GB 240 imepewa TBW 80. Ukiandika GB 20 kila siku, hiyo ni TB 7.3 kwa mwaka, yaani karibu miaka 11. Miaka ya waranti na uhakika wa kuipata hapo ulipo vina maana zaidi: A400 ina mitatu, 870 EVO ina mitano.

Kuna SSD ya mtumba ya Samsung kwa nusu bei. Vipi? (Arusha)

Inaweza kuwa bora kuliko mpya isiyojulikana jina. Sharti moja: ichomekwe mbele yako na CrystalDiskInfo, programu ya kupima hali ya diski, ifunguliwe. Tazama asilimia ya afya, saa ilizofanya kazi na jumla ya data iliyoandikwa. Muuzaji akikataa, ondoka.

Kwetu stima hupotea kila mara. SSD itaharibika? Na nikihama, hadidiski ya zamani niitupe? (Eldoret)

Stima ikikatika wakati diski inaandika, faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kuharibika, na mara chache diski nzima hugoma kuwaka. SSD za nyumbani nyingi hazina kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) za kumalizia kazi kama zile za seva. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo mwenye kompyuta ya mezani ndiye anayehitaji UPS (betri ya akiba ya kompyuta), hata ndogo.

Hadidiski usiitupe kama bado ni nzima. SSD inaweza kufa ghafla bila kulia wala kusuasua, na kurejesha data yake ni kazi ngumu na ghali. Hama kwa Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, au piga Windows upya. Hakikisha SSD inawaka na kila faili imo, kisha nunua kasha la USB linalolingana na ukubwa wa hadidiski yako na uivike humo. Kopi picha na hati zako kila mwisho wa mwezi, halafu ichomoe uiweke mbali na kompyuta.