Simulizi Yangu Waliisoma YouTube Bila Jina Langu

Wiki iliyopita chaneli ya YouTube iliyokuwa ikisoma simulizi yangu kama mali yake hatimaye iliishusha. Wengi mmenijia inboksi mkiuliza nimewawezaje. Nawajibu wote hapa.

Tunaoandika kwa vipande tunajua. Unakesha, unatupia sehemu ya tano, wasomaji wana arosto, na asubuhi sehemu hiyohiyo inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jina limekatwa, chini kuna namba ya kutuma buku mbili upate yote. Mimi waliniongezea: walibadili jina la mhusika mkuu, wakaisoma kwa sauti, na nilipolalamika mwenye chaneli akanijibu mbele za watu kwamba mwizi ni mimi. Mama yangu alilisoma jibu lile. Mpaka leo linaniuma.

Lakini nilikuwa nimejipanga. Sitoi kazi kabla ya kuipitisha OpenTimestamps, huduma ya bure ya kugongea faili muhuri wa tarehe, iliyoanzishwa na mwanaprogramu Peter Todd. Hadithi yenyewe haiondoki kwenye kompyuta yako. Kanuni ya SHA-256 inatoa hashi ya faili, yaani alama yake ya kidole, mstari wa herufi na tarakimu 64. Ukifuta mkato mmoja tu, mstari unabadilika wote. Hashi yako inafungwa pamoja na za wengine na kuwekwa kwenye bloku ya Bitcoin, yaani ukurasa mmoja wa blokcheni, daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, ambako hakuna wa kurudisha tarehe nyuma. Wewe unabaki na kifaili cha .ots, ndicho cheti cha muhuri wako, ambacho baada ya saa chache kinaweza kuthibitishwa.

Basi palepale mbele ya mashahidi wake nikaweka sehemu ya mwisho, ambayo nilikuwa sijaitoa popote, pamoja na .ots yake. Bloku ilikuwa ya miezi mingi kabla ya video ya kwanza. Nikamwambia naye alete mwisho wake. Hakurudi tena. Video zikashuka moja baada ya nyingine.

Waandishi wenzangu, gongeni muhuri kabla ya kutupia. Kabla! Blokcheni haisemi nani kaandika, inasema tu maandishi haya yalikuwepo kufikia tarehe hii, na mwizi naye anaweza kuigonga nakala aliyoiba. Atakayemzidi ni mwenye tarehe ya mapema, mwenye rasimu, mwenye sehemu ambazo hazijatoka. Kwa hiyo rasimu nazo zigongeni, jina lenu likiwa ndani ya faili.

Na ukurasa wa mwizi uhifadhini ukiwa bado hewani. Mwaka 2018 Mahakama ya Intaneti ya Hangzhou, China, ilipokea ushahidi wa namna hiyo: mlalamikaji alihifadhi ukurasa ulionakili makala, hashi ikawekwa kwenye blokcheni za Factom na Bitcoin, naye akashinda. Msiseme hayo ni ya Wachina. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki ni yako bila hata kusajili. Kinachotuangusha ni ushahidi. COSOTA na KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, nendeni pia, kazi inastahili vyote viwili.

Tunzeni faili asilia pamoja na .ots yake, sehemu mbili tofauti. Msilifungue asilia mkalihifadhi upya, hata kwa kurekebisha herufi moja; rekebisheni kwenye nakala, kisha nakala hiyo nayo igongeni.