Maswali na Majibu: Diski Zina Mwenyewe Mmoja

Nahamisha diski sita za ZFS (mfumo unaounganisha diski kuwa hifadhi moja) kwenda seva mpya. Lazima zikae kwenye nafasi zilezile?

Hapana. Kila diski inabeba utambulisho wake. Anza na zpool export, amri inayoiachilia hifadhi kutoka seva ya zamani, ndipo uzime.

Mbona mashine yangu pepe (VM) ya hifadhi haioni taarifa za SMART, yaani ripoti ya afya ambayo diski inaitoa yenyewe?

Nimelijibu hili mara nyingi, na bado linaletwa bila mtu kusema diski amezipitishaje. Umeipa diski za kuigiza. Seva mwenyeji, yaani ile inayoendesha mashine pepe, imekaa katikati, kwa hiyo halijoto na sekta mbovu vinaishia kwake. Hata ukipitisha diski mojamoja, kwa kawaida hali ni ileile. Ipe kadi nzima ya HBA (kadi inayounganisha diski na seva), iliyo katika hali ya IT, inayopitisha diski zilivyo, si ya RAID, inayoziunganisha yenyewe. Halafu ifunge kadi hiyo kwa vfio-pci (kiendeshi cha Linux cha kukabidhi kadi kwa mashine pepe) tangu seva inapowaka, mwenyeji asiiguse kabisa.

Nalisisitiza hili kwa sababu niliwahi kuitwa usiku kuokoa hifadhi ambayo mtu aliifungua kwa lazima, kwa zpool import -f, upande wa mwenyeji, huku mashine pepe ikiendelea kuiandikia. ZFS haikuundwa kuandikiwa na mashine mbili kwa wakati mmoja. Hatukuokoa kitu, tulirejesha nakala rudufu. ZFS ikikwambia hifadhi inatumiwa na mfumo mwingine, nenda kaangalie mfumo huo kabla hujagusa -f.

SMART ya diski mpya ya TB 12 imeandika PASSED. Nianze kuijaza?

Bado. PASSED maana yake haijavuka kizingiti alichoweka mtengenezaji, basi. Endesha smartctl -t long, jaribio refu la diski yenyewe, kisha badblocks -w, inayoandika na kusoma diski yote, kwenye diski tupu tu, kwa sababu inafuta kila kitu. Weka -b 4096, la sivyo itakataa diski kubwa hivyo. Inaandika na kusoma ruwaza 4, yaani mizunguko 8. Kwa MB 200 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni kama saa 17, na yote ni zaidi ya siku 5. Vumilia. Ikimaliza, tazama sifa za SMART namba 5 (sekta zilizobadilishwa), 197 (zinazosubiri kukaguliwa) na 198 (zisizosomeka). Diski mpya yenye zaidi ya 0 kwenye hata moja kati ya hizo tatu irudishe ulikoinunua.

Sifa ya SMART namba 199 (makosa ya kusafirisha data kwenye kebo) inapanda. Nitupe diski?

Badili kebo. Namba hiyo haitashuka. Unachotaka ni isimame.

Diski ambayo Linux inaiita sdb imekufa. Ni ile ya pili kutoka kushoto?

Usiing'oe! Herufi hizo zinaweza kubadilika kila seva inapowaka, na ukichomoa diski nzima badala ya mbovu kwenye RAIDZ1, inayovumilia kupotea kwa diski moja tu, hifadhi yote inasimama. Soma namba ya seriali kwa smartctl -i. Kama hujui iko kwenye trei ipi, zima seva, zitoe mojamoja na usome lebo. Kabla hujazirudisha, bandika herufi nne za mwisho za kila seriali mbele ya trei yake.